Ziwa Likirudi Nyuma, Ardhi Itarudi kwa Nani?



Asimamaye ufukoni Kataboi akalitazama Ziwa Turkana haoni mpaka wa kudumu. Ziwa hili halina mto wa kulitoa maji, na sehemu kubwa ya maji yake huletwa na Mto Omo kutoka nyanda za juu za Ethiopia. Mvua ikizidi huko, maji hupanda huku. Ukame ukizidi, ziwa hujivuta. Katika miaka ya 1980 lilijivuta hata Ghuba ya Ferguson ikakauka, karibu na Kalokol, mahali ambapo kiwanda cha samaki kilikuwa kimejengwa kwa msaada wa Norway. Kati ya 2010 na 2020 mambo yaligeuka: ziwa liliongezeka kwa takriban asilimia 10 na kumeza karibu kilomita 800 za mraba za nchi kavu.

Maji yakipanda hivyo, ni haki ya wananchi kuitaka serikali iwakinge. Pengine patahitajika tuta la kuzuia maji, pengine barabara iinuliwe, pengine shule na zahanati zihamishiwe mahali pa juu. Hatupingi kazi hizo. Lakini kila moja yahitaji ardhi, na ardhi ya ufuko huu ina wenyewe. Kwa hiyo twauliza maswali matatu mapema, kabla ya mashine kufika: ardhi itachukuliwaje? Fidia atalipwa nani? Na kinga isipohitajika tena, ardhi itarudi kwa nani?

Msomaji wa Biblia anaijua habari ya shamba la Nabothi. Mfalme Ahabu alianza kwa maneno mazuri: akaahidi shamba jingine lililo bora, au fedha. Nabothi alipokataa kuutoa urithi wa baba zake, ndipo zikatumwa barua zenye muhuri, wakaitwa mashahidi wa uongo, na damu ikamwagika. Dhuluma ya ardhi mara nyingi huvaa nguo za sheria, tena huanza kwa ahadi.

Kenya nayo ina historia yake. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya umma, hata ile iliyokwisha kununuliwa kwa fedha za umma, ilivyogawiwa watu binafsi kwa upendeleo wa kisiasa. Mwananchi aliitoa ardhi yake kwa ajili ya wote, kisha ikawa mali ya mmoja. Na ng'ambo ya ziwa hili, katika Kaunti ya Marsabit, zaidi ya ekari 150,000 zilitolewa kwa mradi wa umeme wa upepo. Mnamo Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata utaratibu wa sheria. Uamuzi huo ulikuja wakati mitambo ilikwisha kusimama na kuzunguka. Haki iliyochelewa hivyo huwa ngumu kuirudisha mikononi mwa mwenyewe.

Wengine husema kwamba Mturkana hana hati, basi hana ardhi. Neno hilo si kweli. Waturkana wamekuwa na ekwar tangu zamani, haki ya familia juu ya miti ya kando ya mto, na hakuna aliyehitaji karatasi ili kuiheshimu. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 yakiri kwamba haki ya kimila ina nguvu sawa na umilikaji mwingine. Kabla jamii haijasajiliwa, serikali ya kaunti huishika ardhi hiyo kwa amana tu: hairuhusiwi kuiuza, na fidia ikilipwa, yapaswa kuwekwa katika akaunti maalumu yenye kuzaa riba mpaka wenyewe wasajiliwe.

Sheria ya Ardhi ya 2012 nayo imeweka ngazi za kupanda. Tume ya Taifa ya Ardhi hutangaza kusudi la kutwaa ardhi katika Gazeti Rasmi la Serikali. Siku zisizopungua 30 zipite ndipo pafanyike kikao cha kusikiliza wenye madai. Fidia iwe ya haki, kamili na ya haraka. Na kifungu cha 110 chasema kwamba kusudi la umma likikoma, Tume yaweza kuwapa wenyewe wa kwanza nafasi ya kuichukua tena ardhi yao, wakirudisha fidia waliyolipwa. Tazama neno hilo: yaweza. Halikuandikwa lazima. Katika nafasi hiyo ndogo ndimo mnyakuzi hupenya.

Kwa Kataboi hili ni jambo kubwa, kwa maana Katiba imeyaweka maziwa katika ardhi ya umma. Maji yakipanda juu ya malisho ya jamii, asije mtu kesho akasema kwamba malisho yale yamekwisha kuwa ya serikali. Na ziwa likijivuta tena, kama lilivyofanya zamani, asitokee mwenye hati mpya mahali palipokuwa na nyumba zetu. Msimamo wetu ni huu: kila ardhi itakayotwaliwa kwa ajili ya kuzuia maji, iandikwe tangu siku ya kwanza kwamba kazi ikiisha itarudi kwa jamii ileile.

Kazi ya kwanza ni yetu wenyewe. Jamii ambazo hazijasajiliwa zianze sasa; wachague kamati ya watu 7 hadi 15, wanawake na vijana wakiwemo, nao wazee watembee mipakani na kuitaja mbele ya mashahidi. Wajue kwamba ardhi ya jamii iliyosajiliwa haiuzwi bila kura za theluthi mbili ya wanajamii waliosajiliwa. Makanisa yasome matangazo ya Gazeti Rasmi hadharani, kama yasomavyo matangazo ya ndoa, ili mwenye pingamizi aseme mapema. Wajumbe wa Bunge la Kaunti waulizwe fedha za fidia zimewekwa wapi.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, tulipata haki ya kuchagua chama. Haki hiyo ni pungufu ikiwa mwenye kura hawezi kuuliza nyumba yake imejengwa juu ya ardhi ya nani. Maji hatuwezi kuyaamuru. Kalamu ya mwenye madaraka twaweza kuisimamia, na yatupasa tuanze kabla haijatiwa wino.