Usiku wa Nairobi ni wako pia, si wa wenye meza na chupa pekee

Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Kundi lenu la WhatsApp linaanza kuchangamka. Mmoja anauliza, "Wasee, fom ni gani?" Wa pili anataja klabu ileile ya wiki jana. Wa tatu anasema amesota, atalala mapema. Wengine wanasoma na kunyamaza, na kufikia saa mbili usiku mjadala umekufa.

Hali ni hii karibu kila wikendi. Vijana wengi wa Nairobi wamejiwekea njia mbili tu: ama una pesa za meza na chupa, ama unabaki kwa nyumba ukitazama video za waliotoka. Asiyekuwa na pesa anahisi ameachwa nje ya mji wake mwenyewe. Aliyekuwa nazo anaamka Jumapili kichwa kikimuuma, mfuko mtupu, na ukimuuliza aliona nini cha maana, hakumbuki.

Tunasema hivi: kuna njia ya tatu, nayo iko hapo nje ya mlango wako. Usiku wa Kanairo ni mpana kuliko klabu. Lakini lazima ujifunze kuuona, na lazima sote tuuchunge, kwa sababu kuna wengi ambao hadi leo wanaogopa kuutembelea.

Anza na saa yako. Sisi tunaotumia Kiswahili tunahesabu saa tukianza na jua. Likizama, tunaanza upya: saa moja usiku. Kwa saa zetu, usiku si mkia wa mchana. Ni kipindi kizima chenye mwanzo wake, saa kumi na mbili kamili sawa na mchana. Na kwa kuwa Nairobi iko karibu sana na ikweta, jua letu halina mizungu. Mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo hivi, na giza huingia haraka. Kuna miji mingine duniani ambako Juni jua halitui hadi saa nne usiku na Desemba watu wanawasha taa saa kumi jioni. Wewe una usiku unaokuja kwa wakati wake kila siku. Umewahi kufikiria hiyo ni zawadi?

Pengine umesahau jinsi ilivyokuwa tuliponyang'anywa usiku huo. Machi 27, 2020, kafyu ya saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ilianza nchini kwa sababu ya korona. Saa zilibadilishwa mara kadhaa, lakini kafyu yenyewe haikuondolewa hadi Oktoba 20, 2021. Ni karibu miezi 19. Kumbuka watu wakikimbia kutoka kazini kama wanaofukuzwa, matatu zikijaa saa kumi, maduka ya mtaani yakifungwa watu wakiwa bado kwenye foleni. Kuna waliojeruhiwa na hata kuuawa wakati wa kutekelezwa kwa amri hiyo. Wanamuziki, wahudumu wa baa, wapishi wa barabarani na madereva wa usiku walikosa unga.

Wakati ule tuliahidiana mengi. Tulisema tukifunguliwa tutatembea, tutaona watu, tutakula nje. Tulifunguliwa. Je, tumefanya nini na usiku huo?

Hebu jaribu jambo moja. Shuka mjini Ijumaa saa moja usiku, na usiwe na haraka. Tom Mboya imejaa hadi pomoni. Makanga anaita abiria kwa wimbo alioutunga mwenyewe, na hakuna shule iliyomfundisha. Nganya inapita na picha za wasanii na wachezaji zilizochorwa ubavuni kwa ustadi ambao mahali pengine ungelipia kiingilio ukautazame. Kando ya barabara mtu wa mutura anakata vipande juu ya ubao, chumvi na pilipili pembeni, na kumzunguka wamesimama watu ambao mchana hawangekaa meza moja: jamaa wa suti, mtu wa mkokoteni, mwanafunzi wa chuo, askari wa lindo anayeelekea kazini. Wote wanakula kwa mikono na wote wana maoni kuhusu Arsenal. Kile ni kikao, bana. Kipande kimoja tu kinakupa kiti, ingawa kiti chenyewe hakipo.

Panda Eastleigh usiku wa Ramadhani uone mtaa unavyoamka watu wakishafuturu. Pitia Marikiti kabla ya alfajiri, malori kutoka mashambani yakishusha kabeji na viazi, wakati wewe ukidhani mji umelala. Ukitoka huko na anga ikiwa safi, tafuta ghorofa ndefu utazame kaskazini jua linapochomoza. Mlima Kenya huonekana kutoka Nairobi. Upande wa kusini, siku nzuri, hata Kilimanjaro. Ni wangapi kati yetu waliozaliwa hapa na hawajawahi kuiona?

Na stima ikipotea mtaani, kabla ya kulaani, toka nje uinue macho. Mwezi wa Mei, majira ya saa tatu usiku, ukitazama kusini utaona Msalaba wa Kusini. Geuka kaskazini, utaona zile nyota saba zilizojipanga kama upawa wenye mpini mrefu. Kuziona zote mbili kwa usiku mmoja ni bahati ya watu wanaoishi karibu na ikweta. Aliye London hawezi kuuona huo msalaba akiwa kwao, hata akae macho mwaka mzima. Wewe unauona ukiwa kwa paa la ploti, umevaa malapa.

Kisha kuna muziki. Kama unajibamba na gengetone na amapiano, sawa, hakuna anayekukataza. Lakini usiku wa mji huu una vyumba vingi. Nenda mahali wanapopiga mugithi, mtu mmoja na gita lake. Neno hilo ni treni kwa Kikuyu, na utaelewa sababu utakapoona watu wameshikana mabega wakizunguka ukumbi kama mabehewa, mzee wa miaka 60 mbele, kijana wa miaka 22 nyuma. Nenda kwenye ohangla usikie ngoma zinavyozungumza. Sikiliza benga, ambayo wapiga gita wa Nyanza waliikuza kwa kuyafanya magita yao yaige nyatiti. Nenda kwenye rumba ujue kwamba miaka ya 1970 bendi za Wakongo kama Les Mangelepa na Super Mazembe zilifanya Nairobi kuwa nyumbani kwao. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka rumba ya Kongo katika orodha ya turathi za binadamu. Sisi tulikuwa tukiicheza mtaani miaka mingi kabla ya barua hiyo.

Kama hupendi kelele, Kenya National Theatre iko palepale karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 1952. Nenda utazame vijana wa rika lako wakiigiza. Wengi wao wametoka mazoezini kwa miguu ili wabakishe nauli.

Tunajua kuna atakayeuliza, "Kwani mnatuambia tutosheke na mutura kwa sababu hatuna kazi?" Swali ni la haki. Hatusemi ukosefu wa kazi ni kitu kizuri, na hatusemi uache kudai mshahara mzuri. Mtu akitaka klabu na ana pesa zake, aende akacheze hadi asubuhi. Tunachopinga ni ile imani kwamba bila chupa mezani hujaishi. Imani hiyo ndiyo inayomfanya kijana kukopa kwa simu saa nne usiku ili asionekane amesota, kisha Jumatatu anapigiwa na wadai. Piga hesabu. Ukitumia Sh2,500 kila Ijumaa, ni Sh10,000 kwa wiki nne. Kwa wiki 52 za mwaka ni Sh130,000. Kama ni raha uliyoitaka, hakuna shida. Kama ni aibu uliyokuwa ukiikimbia, basi umelipa ghali sana.

Lakini tusijidanganye. Kuna sababu nyingine inayowafungia vijana nyumbani, na haihusu pesa hata kidogo. Ni hofu.

Mwambie dada yako ayafanye haya yote tuliyoyasema, atakuuliza atarudi nyumbani vipi. Anapotoka, anatuma nambari ya gari kwa rafiki, anashika funguo mkononi, anamwacha mtu macho akisubiri ujumbe wa "nimefika". Novemba 2014, baada ya mwanamke kuvuliwa nguo hadharani kwenye kituo cha matatu, wanawake waliandamana Nairobi kudai haki ya kuvaa watakavyo na kutembea kwa amani. Januari 27, 2024, maelfu waliandamana tena katika miji kadhaa ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Ni miaka tisa na zaidi kati ya maandamano hayo mawili, na madai ni yaleyale. Mji ambao nusu ya watu wake hawawezi kuinua macho kutazama nyota, kwa kuwa wanatazama nani anawafuata nyuma, haujafunguliwa kikamilifu. Kwao kafyu haikuisha 2021.

Hapa ndipo serikali ya kaunti ina kazi: taa za barabarani zinazowaka, vituo vya matatu vyenye mwanga, na askari ambao kijana akiwaona anahisi amepata msaada badala ya kutafuta njia ya kuwakwepa. Na wewe, ndugu yangu mwanaume, una kazi pia. Rafiki yako akimshika dada mkono na dada hataki, usicheke. Mwambie aache. Ukimwona mtu analazimishwa kuingia kwenye gari, piga kelele, ita watu, piga 999. Nambari ya 1195 inapokea bila malipo simu za waathiriwa wa ukatili wa kijinsia. Iweke kwenye simu yako leo, hata kama unadhani hutaihitaji. Atakayeihitaji huenda amekaa karibu nawe.

Jambo jingine ni majirani. Mwishoni mwa 2022 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo katika makazi ya watu, baada ya malalamiko ya kelele. Wenye vilabu walilia, na wana haki, maana kuna kazi za vijana mle ndani. Lakini mama mwenye mtoto mchanga kwenye ghorofa ya pili naye ana haki ya kulala. Usiku ni wa wote, na kujibamba kwako kusiwe adhabu kwa mwenzako. Na aliyelewa asishike usukani. Nauli ya kurudi nyumbani itoe kwenye bajeti kabla ya kinywaji cha kwanza.

Mwisho, waone watu wanaoufanya usiku uwezekane. Mhudumu aliyesimama tangu saa kumi na moja jioni. Mlinzi wa geti aliyejifunika kabuti mwezi wa Julai, wakati Nairobi inapokumbuka maana ya jina lake la Kimaasai, mahali pa maji baridi. Muuguzi anayeingia zamu. Mama wa mayai boilo na beseni lake la kachumbari. Wasalimie. "Habari ya kazi?" haina gharama. Usibishane na mama wa mayai juu ya shilingi kumi ilhali saa moja iliyopita ulilipa kiingilio bila kuuliza swali.

Basi Ijumaa hii, mtu akiuliza fom ni gani, usinyamaze. Mwambie mkutane mjini saa moja usiku, kila mtu na Sh300 na nauli yake. Tembeeni pamoja, mle mahali ambapo hamjawahi kula, msikilize muziki ambao wazazi wenu waliucheza, na muulizane majina ya nyimbo. Simu ikae mfukoni hadi wakati wa kuita gari. Na msiagane hadi kila mmoja ametuma ujumbe kwamba amefika nyumbani salama.