Fahali Si Sanamu
Wenzangu, tunaambiwa kwamba picha nzuri ya rodeo ni ile ambayo kilango cha kamera kimefunguka kwa 1/1000 ya sekunde tu, hata vumbi likaganda hewani. Nakataa! Katika mashindano ya Marekani ya kupanda fahali, mpandaji hujishikilia kwa mkono mmoja kwa sekunde 8, na nusu ya alama hutokana na jinsi mnyama anavyoruka na kuzunguka. Ukimgandisha kama sanamu, nusu hiyo iko wapi? Tupunguze kasi hadi 1/60, tumfuate fahali kwa kamera. Ukungu kidogo pichani si kosa. Ni ushahidi kwamba fahali aliruka kwelikweli, na aliyempanda alikuwa hatarini.