Kamera ya tumbo yazidi kuerevuka, Merti ingali mbali

Utafiti kuhusu endoskopia, yaani uchunguzi wa njia ya chakula kwa bomba jembamba lenye kamera, umepiga hatua kubwa tangu mwanzo wa karne hii. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha kamera inayomezwa kama kidonge, ambayo hupiga picha ikipita tumboni na katika utumbo mwembamba. Mwaka 2019 jarida la Gut lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa nchini China kwa wagonjwa 1,058, ambapo kompyuta yenye akili unde ilimsaidia daktari kutambua vinyama vinavyoweza kugeuka saratani katika utumbo mpana. Vinyama hivyo vilionekana kwa asilimia 29.1 ya wagonjwa waliochunguzwa kwa msaada wa kompyuta, dhidi ya asilimia 20.3 ya wale waliotegemea macho ya daktari pekee.

Habari hizo ni njema. Swali linalostahili kuulizwa humu nchini, hata hivyo, ni hatua ipi kati ya hizo inayoweza kumfikia mfugaji wa Merti, kaunti ya Isiolo, kabla ya chakula kuanza kumkwama kooni.

Merti iko takriban kilomita 200 kutoka mji wa Isiolo, ng'ambo ya mto Ewaso Nyiro, na sehemu kubwa ya barabara hiyo ni ya vumbi ambayo hugeuka tope masika yanapofika. Mgonjwa anayehitaji kuchunguzwa kwa kamera hulazimika kutafuta huduma hiyo Meru au Nairobi. Kabla hajafika huko huwa ameshauza mbuzi, na kama hakubahatika, ng'ombe. Ndiyo maana wengi wenye maumivu ya tumbo huridhika na dawa za "alsa" za dukani. Pengine dawa hizo huwafaa kweli. Shida ni kwamba hakuna aliyetazama ndani akajua kilichoko.

Ugonjwa unaotisha zaidi katika uzembe huo wa kutotazama ni saratani ya umio, njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kenya imo katika ukanda wa Afrika Mashariki ambao maradhi haya yameuelemea kuliko sehemu nyingi duniani, na makadirio ya wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani yanaonyesha kuwa maelfu ya Wakenya huugua kila mwaka. Ubaya wake ni ukimya. Umio hutanuka, kwa hiyo mtu humeza bila taabu hadi uvimbe umeziba sehemu kubwa ya njia. Kwanza hukataa nyama, kisha ugali, kisha uji, na mwishowe hata mate. Anayefika hospitalini katika hatua ya uji huwa amechelewa kupona.

Wakala huohuo ulitangaza mwaka 2016 kuwa vinywaji vyenye joto la kupita nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani hiyo. Utafiti uliofanywa Eldoret na kuchapishwa mwaka 2019 ulibaini kuwa wanaokunywa vinywaji vya moto sana walikuwa katika hatari ya zaidi ya mara tatu kuliko wanaovinywa vikiwa vuguvugu. Chai ya maziwa iliyotoka jikoni sasa hivi ni heshima ya mgeni katika kila boma la Wafugaji wa Kaskazini, na hakuna afisa wa afya atakayeiondoa kwa bango ukutani. Kumshauri mtu aiache ipoe kidogo, hilo linawezekana.

Kwa upande wa uchunguzi, kazi iliyo muhimu kwetu imefanyika hapa nchini. Katika hospitali ya Tenwek, kaunti ya Bomet, watafiti waliwachunguza watu 305 wasiokuwa na dalili yoyote, kwa kuunyunyizia umio iodini ya Lugol kupitia bomba la kamera. Seli zenye afya hunyonya iodini zikawa za kahawia. Zilizoanza kuharibika hubaki zimepauka, na hapo daktari hujua pa kuchukua kipande cha kupimwa maabarani. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalishtua: asilimia 14.4 walikuwa na seli zilizoanza kubadilika, ingawa walikuwa wakila na kunywa kama kawaida. Si wote hao ambao wangepata saratani, kwani mabadiliko mengi ni madogo. Lakini yale makubwa yanaweza kukatwa au kuunguzwa kwa kupitia bomba hilohilo bila kupasua kifua.

Kwamba juhudi hizo huokoa maisha si dhana tupu. Katika wilaya ya Cixian nchini China, wakazi walioalikwa kuchunguzwa kwa kamera na iodini walifuatiliwa kwa miaka 10 sambamba na wa vijiji ambavyo havikualikwa. Vifo vya saratani ya umio vilikuwa asilimia 3.35 kwa walioalikwa na asilimia 5.05 kwa wasioalikwa. Iodini si teknolojia mpya wala ya gharama. Ghali ni kamera, daktari wa kuishika na fundi wa kuitengeneza ikiharibika, na hapo ndipo Afrika Mashariki imekwama.

Njia ya kupunguza mzigo huo ilijaribiwa katika jamii ya mkoa wa Kilimanjaro, Tanzania, na matokeo yake kutolewa mwaka 2021. Mtu humeza kidonge kilichofungwa kwenye uzi. Baada ya dakika chache ganda lake huyeyuka tumboni, na sifongo iliyomo hutanuka. Mhudumu huivuta kwa uzi, nayo hupangusa seli za umio ikija juu. Kazi hiyo haihitaji dawa ya usingizi wala chumba cha upasuaji. Muuguzi aliyefunzwa angeweza kuifanya Merti, na sampuli ikasafiri badala ya mgonjwa. Sifongo haimalizi jambo, kwa kuwa atakayepatikana na seli zenye shaka bado atahitaji kamera. Ila basi litabeba wachache wenye haja badala ya kila mwenye wasiwasi.

Kwa waliokwisha kuchelewa, Tenwek ilitoa mchango mwingine unaostahili kusifiwa zaidi ya unavyosifiwa. Tangu mwaka 1999 madaktari wake wamekuwa wakiweka stenti, kijibomba cha waya kinachotanuka na kufungua umio ulioziba, bila kutegemea mashine ya eksirei wakati wa kuiweka. Ripoti ya mwaka 2009 katika jarida la Lancet Oncology, iliyohusu wagonjwa zaidi ya 500, ilionyesha kuwa taabu ya kumeza ilipungua kutoka zaidi ya alama 3 hadi 1, kwenye kipimo ambacho 4 ni kushindwa kumeza hata mate. Stenti haiponyi. Inamwezesha mtu kula na wanawe kwa miezi aliyobakiwa nayo, badala ya kufa kwa njaa chakula kikiwa mbele yake.

Wanaovutiwa na akili unde nao wana la kujifunza kutoka Poland. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kuwa madaktari waliozoea kusaidiwa na kompyuta walipungukiwa na uwezo walipofanya kazi bila hiyo: kiwango chao cha kugundua vinyama kilishuka kutoka asilimia 28.4 hadi 22.4. Kwa nchi ambayo bado inawafunza wataalamu wake wachache, kununua kompyuta kabla ya kulipia mafunzo ni kuanza safari kwa mguu usiofaa kitu.

Serikali ya Kaunti ya Isiolo haihitaji kusubiri hospitali mpya. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali ya kitaifa iliwatuma vijijini kote nchini mwaka 2023, wanaweza kuuliza swali moja katika kila boma: je, kuna mtu anayekwamwa na nyama au ugali? Anayejibu ndiyo apewe barua, nauli na tarehe iliyokubaliwa na hospitali ya rufaa ya Meru, ili asiende kupanga foleni siku tatu na kurudi na panadoli. Gharama kubwa hapo ni nauli, na nauli hupangwa kwenye bajeti kila Juni.