Mche si ubao

Masika yakikaribia, wakubwa hupigwa picha wameshika miche, na idadi ya miche husomwa kwa kipaza sauti. Idadi ya mbao hasomi mtu.

Neno hili la mhariri nimeliandika nikitoka kwa seremala mmoja hapa Jang'ombe, Unguja. Alikuwa akipiga randa ubao wa msindano, mbili kwa sita, uliovuka bahari kutoka bara. Fundo jeusi likachomoka, likaacha tundu la kupita kidole. "Hii ilikuwa fremu ya mlango, mzee," akaniambia. "Sasa ishakuwa papi." Fundo lile ni tawi lililofia mtini bila kupogolewa, mti ukanenepa ukalimeza. Mlango umeharibika huku Jang'ombe kwa sababu ya panga lisilopita shambani miaka mingi nyuma.

Hoja yangu ni hii, na sitaomba radhi kwa kuirefusha: tunapanda kabla ya kumuuliza mnunuzi. Mvinje wa nguzo hupandwa kwa kubanana, upate kunyooka na kubaki mwembamba. Msaji wa mbao hutaka nafasi, kupogolewa na kupunguziwa jirani zake zaidi ya mara moja. Ukiubana kama mvinje, utavuna nguzo baada ya kungoja miaka ya mbao. Tena mvinje huvumilia ardhi ya maweni. Msaji hutaka udongo wenye kina, uleule unaogombewa na karafuu, muhogo na viwanja vya nyumba. Kisiwa chenye ardhi ndogo hakina ruhusa ya kupanda kwa kubahatisha. Wajenzi wa Mji Mkongwe walijua kwamba mti na matumizi yake huenda pamoja: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Nyumba na msitu vilikuwa vikisemezana.

Katika toleo hili, makala ya msitu wa Jozani inakumbusha kwamba mitondoo ya pale ilipandwa na watu. Leo imo ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa 2004, na mwenyeji wake ni kima punju. Sina ugomvi naye, ila fremu hachongi. Makala ya shamba la miti la Sao Hill, kule bara, ni nzuri, kwa wenye ardhi ya Mufindi. Makala ya mikoko nayo isomwe.

Waandishi wote wa toleo hili ni mabwana misitu na wasomi. Seremala hayumo hata mmoja. Aliyewaalika ni mimi.