Mkia wa Neno

Wako watu wasemao kwamba mtoto wa Kiwalani hana haja ya kujisumbua na sauti za Kiingereza. Maadamu aweza kukisoma na kukiandika, yatosha. Neno hilo lina ukweli wake. Hakuna sheria ituamuruyo kugeuza ulimi kama watu wa London, na mtu wa pwani akinena Kiingereza kwa sauti ya pwani hana aibu yo yote. Lakini iko sauti moja ndogo ambayo kuiacha si kuacha pambo, ni kuacha maana. Ndiyo ile ikaayo mwisho wa jina, iwaambiayo wasikiao kama kitu ni kimoja au ni vingi.

Tazameni jina la jirani zetu, Minazi Mirefu. Wingi umetajwa humo mara mbili, tena mwanzo wa kila neno. Nawe ukisema, "Minazi ile mirefu imeanguka," umeutaja mara nne. Hata ndege ikipita juu ya paa kwenda uwanjani ikameza neno moja, msikiaji amekwisha jua kwamba si mnazi mmoja. Mwingereza husema, "The tall palms fell." Neno la urefu halikubadilika, wala neno la kuanguka halikubadilika, wingi wote umewekwa katika sauti moja ya mwisho ya "palms". Ukiimeza hiyo, mnazi mmoja tu umeanguka.

Basi sisi tumezoea kusikiliza kichwa cha neno, nao wamezoea kusikiliza mkia. Wageni nao hupata taabu kwetu kwa sababu iyo hiyo. Edward Steere, mmisionari wa UMCA aliyekuja kuwa askofu, alipotoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, ilimpasa kuyapanga majina makundi makundi kwa kufuata vichwa vyao, ili Waingereza wenzake wapate njia. Mgeni asomaye sarufi ya namna hiyo akifika Vingunguti, huenda akauliza Kingunguti kimoja kiko wapi.

Sasa mkia wenyewe. Katika maandiko huonekana kuwa ni s tu, nasi tuliozoea lugha ambayo herufi haidanganyi twaisoma s po pote. Hapo ndipo tunapopotea, kwa maana sauti zake ni tatu. Weka vidole kooni, kisha sema "kasa", yule wa baharini, halafu sema "kaza", kama kukaza kamba. Kwa z utasikia koo likitetemeka. Kwa s limetulia. Sauti hizi mbili tunazo tangu utotoni, wala hatuna haja ya kuzitafuta ng'ambo. Neno la Kiingereza likiishia kwa sauti isiyotetemesha koo, kama p, t, k, f, au th ya "thelathini", mkia wake ni s: "cups", "goats", "books". Tena maneno ya jinsi hiyo tumekwisha yaingiza nyumbani na mikia yake: soksi na chipsi. Likiishia kwa sauti itetemeshayo koo, na irabu zote zimo, mkia ni z, ijapokuwa imeandikwa s: "dogs" ni "dogz", "trees" ni "triz", "days" ni "deiz".

Msidhani hili ni jambo dogo. Macho kwa Kiingereza ni "eyes", nayo hutamkwa "aiz". Ukiweka s mahali pa z umesema "ais", yaani barafu. Vivyo hivyo njegere hugeuka kuwa amani, na kalamu hugeuka kuwa senti za Kiingereza.

Sauti ya tatu ndiyo ituteayo sana. Neno likiwa lenyewe laishia kwa s, z, sh, ch au j, mkia hauwezi kushikamana nalo bila kupata irabu katikati, ndipo husemwa "iz": "box" ni moja, nyingi ni "boksiz". Lakini sisi hatupendi neno liishe bila irabu, kwa hiyo hata moja twaliita "boksi". Mchukuzi akimwambia Mwingereza "boksi", yule husikia sauti iliyoanza kuwa ya wingi, kisha ikakatika; hajui kama apakie moja au kumi. Ni hasara ya kweli kwa watu wakaao karibu na uwanja wa ndege, mahali mizigo ipitapo. Zamani za Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, Waingereza wenyewe walikuwa wakiitamka irabu hiyo katika majina mengi. Baadaye wakaiacha, isipokuwa pale ambapo haikuwezekana kuiacha.

Wala tusiwacheke wakoseao. Mwaka 1958 mwanachuoni wa Marekani, Jean Berko, alitangaza uchunguzi wake juu ya watoto wa miaka 4 hadi 7 wanenao Kiingereza tangu kuzaliwa. Aliwaonyesha picha ya kiumbe asiyekuwako duniani, akamwita "wug", kisha akawaonyesha wawili, akawaachia wamalizie jina. Wengi walisema "wugz", ingawa neno hilo hawakulisikia hata siku moja. Alipowapa "tass", wengi walilirudia vile vile, hawakuongeza kitu. Walijikwaa pale pale tujikwaapo sisi! Tena mtaona ya kuwa "wugz" haikutoka katika daftari. Ilitoka katika sikio.

Kwa sababu hiyo sipendi desturi ya darasa zima kuimba maneno ya ubaoni kwa macho. Jicho laona s, kinywa chasema s, na sikio limelala. Afadhali ubao ufunikwe. Mwalimu ataje kitu kimoja, wanafunzi wajibu vingi. Kanuni niliyoieleza ni ya kujisahihishia. Kuikariri peke yake hakumfundishi mtu kunena, kama vile kukariri habari za kuogelea kusivyomvusha mtu mto.

Tangu 1967 shule za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto aingiaye Kidato cha Kwanza hukuta hesabu, jiografia na elimu ya viumbe zote zimebadili lugha. Mwalimu akisema "angles", asiyeusikia mkia atachora pembe moja, naye atahesabiwa kuwa hajui hesabu, kumbe hesabu aijua. Na yule aliyechekwa darasa la tano kwa kusema "bukusi" hatainua mkono tena, hata akiwa na jibu.

Mkitoka shuleni leo, tajeni kwa Kiingereza kila mkionacho njiani, kwanza kimoja, kisha vingi, kwa sauti ya kusikika. Mbuzi na bata watawapa s. Miti, milango na baiskeli zitawapa z. Nyumba mwiangalie vema, maana "house" ikiwa moja ina s mwishoni, na zikiwa nyingi s ile nayo hugeuka z, zikawa "hauziz". Na mkifika barabarani liko basi, gumu kuliko yote kwa sababu tumekwisha kulipa irabu yetu: moja ni "bas", bila kitu nyuma, na yakija mawili ni "basiz".