Yasemwayo kwa Kinyozi Kuhusu Harambee Starlets

Kwa kinyozi mmoja pale soko la Bokoli, magharibi mwa Kenya, kuna benchi la mbao ambalo halikai tupu. Wanaokuja kunyolewa ni wachache. Wengi huja kuzungumza. Mwishoni mwa Oktoba 2025, juma lile Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, walipoitoa Gambia na kufuzu kwa fainali za Afrika, nilikuwa kitini, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, stima ikapotea. Mashine ikanyamaza, benchi likaanza. Kwa nusu saa nilisikia karibu kila neno linalosemwa dhidi ya soka ya kina dada, na kwa kuwa mtu mwenye nusu kichwa hana uso wa kubishana na wazee, nilitulia. Sasa nimemaliza kunyolewa. Nitajibu moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: "Hawa wasichana hawajawahi kufanya lolote."

Aliyesema hivi ni mzee ninayemheshimu, kwa hiyo nitamjibu kwa tarehe, si kwa sauti.

Mzee wangu, mwaka wa 2016 Starlets walikutana na Algeria kuwania nafasi ya kucheza fainali za Afrika. Nyumbani walitoka sare ya 1-1, kule Algeria 2-2. Jumla ikawa 3-3, na kwa sheria ya mabao ya ugenini iliyotumika wakati huo, Kenya ikapita. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu yetu ya wanawake kufika huko, na waliloliacha nyuma ni taifa lenye viwanja na fedha kutuzidi.

Novemba 2019, uwanjani Chamazi, Dar es Salaam, waliilaza Tanzania 2-0 mbele ya mashabiki wake na kutwaa Kombe la CECAFA. Mabao yote mawili yalifungwa na Jentrix Shikangwa. Mwaka wa 2021 Vihiga Queens, klabu ya hapa magharibi, iliifunga Commercial Bank of Ethiopia 2-1 katika fainali ya kanda, ikaenda Misri kwenye Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika iliyokuwa ikichezwa kwa mara ya kwanza. Huko ilitolewa katika makundi, lakini haikutoka mikono mitupu: iliichapa Rivers Angels ya Nigeria 3-0.

Kisha Oktoba 2024, Junior Starlets, wasichana wa chini ya miaka 17, walicheza Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika. Hakuna timu ya Kenya, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imewahi kufika Kombe la Dunia la FIFA. Walifungwa na Uingereza na Korea Kaskazini, halafu wakaishinda Mexico 2-1. Na mwaka wa 2025 dada zao wakubwa, chini ya kocha Beldine Odemba, waliitoa Tunisia, kisha wakaifunga Gambia 3-1 pale Nyayo na 1-0 ugenini.

Hayo ndiyo "lolote" ambalo hawajawahi kufanya.

Dai la pili: "Wakifika kwenye mashindano makubwa, hupigwa tu."

Hapa benchi lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo nitaikubali. Cameroon, 2016, Starlets walipoteza mechi zote tatu, dhidi ya Mali, Ghana na Nigeria. Hakuna haja ya kulipamba hilo. Lakini Harambee Stars wa kiume wamecheza Kombe la Mataifa ya Afrika mara 6, tangu 1972, na hawajawahi kuvuka makundi hata mara moja. Sijasikia mtu pale kwa kinyozi akisema wanaume waache mpira.

Tena tuulize: baada ya Cameroon walipewa nafasi ngapi za kujirekebisha? Kuelekea fainali za 2018 walitolewa na Guinea ya Ikweta, kisha CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaifungia Guinea hiyo kwa kosa la kumchezesha mchezaji asiyestahili, na Kenya ikaambiwa ijiandae. Siku chache kabla ya mashindano, mahakama ya michezo ikairudisha Guinea ya Ikweta. Wasichana waliokuwa wakifunga mikoba ya safari wakaifungua.

Kuelekea 2022 mambo yalikuwa mabaya zaidi. Walikuwa wameifunga Sudan Kusini jumla ya mabao 15 kwa 1, na waliobaki mbele yao ni Uganda. Lakini serikali ilikuwa imelivunja shirikisho la soka Novemba 2021, mvutano ukafika FIFA, na mechi ya Uganda haikuchezwa. Februari 2022 Kenya ikapigwa marufuku. Uganda ikaenda fainali bila kutoa jasho dhidi yetu.

Mwanafunzi aliyefungiwa nje ya chumba cha mtihani hawezi kusemwa kwamba alianguka. Starlets hawakushindwa tu na watu waliovaa njumu; wamenyimwa pia mechi na watu waliovaa suti.

Dai la tatu: "Wale wa Kaskazini wako mbali mno. Hatuwafikii."

Kijana mmoja wa bodaboda alitaja Morocco. Alikuwa ameona kwenye runinga wanawake wa Morocco wakicheza Kombe la Dunia la 2023, na akahitimisha kwamba wale ni watu wa aina nyingine. Ndugu yangu, shika breki kidogo.

Mwaka ule wa 2016 Kenya ilipokuwa Cameroon, Morocco haikuwepo. Ilikuwa imecheza fainali za Afrika za 1998 na 2000, kisha ikapotea. Iliporudi ilikuwa 2022, tena ikiwa mwenyeji. Miaka 22 mizima wanawake wa Morocco walizitazama fainali hizo kwenye runinga, kama sisi. Halafu kati ya 2022 na 2023 wakafika fainali ya Afrika, wakafungwa 2-1 na Afrika Kusini, na wakaenda Kombe la Dunia. Huko Ujerumani iliwakaribisha kwa mabao 6-0. Watu wakacheka. Wao wakaifunga Korea Kusini 1-0, wakaifunga Colombia 1-0, wakaingia hatua ya 16 bora. Ujerumani iliyowacharaza sita ikapanda ndege kurudi nyumbani.

Katikati hapo kulitokea nini? Damu haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba shirikisho lao liliamua, kuanzia 2020, kwamba ligi ya wanawake itakuwa ya kulipwa, na likaweka fedha kwenye mishahara, makocha na timu za vijana. Ni kweli pia kwamba waliwaita wachezaji waliozaliwa na kulelewa Ulaya, hilo silifichi. Lakini nahodha wao, Ghizlane Chebbak, alikomaa na AS FAR ya Rabat. AS FAR hiyohiyo ilikuwa kundi moja na Vihiga Queens kule Misri mwaka wa 2021. Mwaka uliofuata ilikuwa bingwa wa Afrika, kwa kuilaza Mamelodi Sundowns 4-0. Vihiga Queens hawakuwahi kupata mwaka uliofuata: marufuku ya FIFA ilizifungia klabu za Kenya nje.

Sisi wa huku tunalijua jambo hili vizuri kuliko watu wa mjini. Ukipita njia ya kwenda Kitale ukaona shamba la jirani lina mahindi ya kimo cha mtu na lako limepauka, huulizi ukoo wake. Unamuuliza alipanda lini na alitia mbolea gani.

Dai la nne: "Hiyo ni michezo ya Nairobi."

Hili litajibiwa na migongo ya jezi. Soma majina: Nafula, Nekesa, Nanjala. Christine Nafula alivaa jezi ya Starlets. Violet Nanjala ameivaa. Valerie Nekesa alikuwa na Junior Starlets. Nafula ni mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, Nekesa wakati wa mavuno, Nanjala wakati wa njaa, pale ghala linapokuwa limeisha na mahindi mapya bado mabichi. Kikosi cha taifa kikijipanga kuimba wimbo, kalenda ya shamba letu imesimama pale.

Na wachezaji hawaoti kama uyoga. Wiyeta Girls, shule ya Trans Nzoia, ilijijengea jina kwenye michezo ya shule kitaifa. Kitale ina Trans Nzoia Falcons, Bungoma ina Bungoma Queens, Vihiga ina Vihiga Queens, waliotwaa ligi ya nchi mara kadhaa. Nairobi ndiko mechi zinakochezewa. Mbegu inatoka huku.

Dai la tano: "Nani atalipa kuwatazama?"

Desemba 26, 1920, watu wapatao 53,000 walijaa uwanja wa Goodison Park, Liverpool, kuwatazama Dick, Kerr Ladies, timu ya wanawake waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda. Mwaka mmoja baadaye chama cha soka cha Uingereza kikawapiga wanawake marufuku kwenye viwanja vya klabu zake, na marufuku hiyo ikadumu karibu miaka 50. Watazamaji hawakukosekana. Walifungiwa lango. Rabat nayo, Julai 2022, nusu fainali ya Morocco na Nigeria ilitazamwa na watu zaidi ya 45,000.

Lakini tuache Rabat. Nenda kwenye michezo ya shule za sekondari muhula wa pili, wasichana wakiingia nusu fainali ya kaunti. Pikipiki zimepangwa nyuma ya goli, watoto wamepanda juu ya kichuguu, mama mmoja anauza njugu kwenye vikaratasi, mwingine anamenya miwa, na mwalimu wa zamu ameshachoka kuwasukuma watu nyuma ya mstari. Mvua ya saa kumi ikianza, watu hawaondoki; wanajifunika kwa magunia. Hao si watazamaji?

Dai la sita: "Mpira unaharibu msichana."

Dai hili halikutoka kwa mlevi. Lilitoka kwa baba mwenye binti, na baba mwenye binti hujibiwa kwa makini. Hofu yake ina mizizi: safari za usiku kwenye matatu mbovu, malazi yasiyoeleweka, na makocha wenye tabia za kuaibisha. Anayesema hatari hizo hazipo anadanganya. Ila dawa yake ni sheria kali, walimu wa kike wa kusafiri na timu, na mzazi kujua binti yake analala wapi. Tukiona nyoka njiani tunafyeka nyasi, hatuwazuii watoto kwenda shule.

Kuhusu masomo, mambo ni kinyume cha anavyodhani. Huku kwetu msichana hodari uwanjani hutafutwa na shule. Wapo ambao karo ingewashinda wazazi wao darasa la mwisho la msingi, na njumu ndizo zilizowafikisha kidato cha nne. Na wapo waliofika mbali zaidi: Shikangwa yuleyule wa Chamazi alitoka Vihiga Queens, na baadaye akachezea Simba Queens ya Tanzania kwa mshahara.

Kuhusu heshima na dini, Nouhaila Benzina wa Morocco alicheza Kombe la Dunia la 2023 akiwa amevaa hijabu, wa kwanza kufanya hivyo katika Kombe la Dunia la wanawake wakubwa. Hakuvua chochote cha imani yake ili aupige mpira.

Lililobaki

Stima ilirudi, mashine ikalia, benchi likahamia siasa. Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilipitia uwanja wa shule ya msingi ambao magoli yake ni miti ya mkaratusi iliyokatwa ikiwa bado mibichi, moja limeinama. Wavulana walikuwa wakicheza. Kando ya mstari walikaa wasichana tisa au kumi, viatu vya plastiki vimepangwa kwenye nyasi, wakingoja. Nilimuuliza mmoja wao wanacheza saa ngapi.

"Wakimaliza."

Walimaliza saa kumi na mbili na nusu. Wasichana wakaingia mbio, bila hata kugawana timu vizuri, na kwa dakika kama kumi na tano nikawatazama wakicheza mpira ambao mimi niliyekuwa nje sikuuona tena. Niliusikia tu ukipigwa. Kisha mama mmoja akaita kutoka ng'ambo ya barabara kwamba kuni hazijaletwa, uwanja ukabaki mtupu.

Wanaume wa benchi, mimi nikiwa mmoja wenu, tunasema hawajui kucheza. Jumamosi ijayo tuwape uwanja saa kumi, jua likiwa bado juu, wavulana wangoje. Halafu tukae kando tutazame, ndipo tuongee.