Nguvu Kabla ya Breki

Kijana mmoja, mtumishi wa umma, aliniuliza juzi: "Mwalimu, niitie Subaru Impreza yangu ya mwaka 2004 turbo kubwa zaidi, au niiuze ninunue jipya?" Jipya, hapa Kenya, aghalabu ni mtumba wa Japani usiozidi miaka 8, kwa kuwa uliozidi hapo hauruhusiwi kuingizwa nchini. Juu ya bei huongezwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani. Sishangai vijana wakikimbilia gereji.

Ninalolipinga ni mpangilio wa kazi yenyewe. Turbo kubwa huzidisha joto na shinikizo katika injini iliyokwisha kuchoka, ilhali breki, matairi na shokomzoba hubaki vilevile. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka takriban mara nne. Anayevuka barabara kwa miguu hakushirikishwa katika uamuzi huo. Naye ndiye raia ninayemfikiria kwanza.

Nilimshauri fedha za turbo azitie kwenye breki, kisha gari aendelee nalo. Hakufurahi.